Muhogo wa Pakiti na Amana ya Soko

Ukiona Kariakoo pakiti ya muhogo wa kukaanga kutoka ng'ambo, usidhani sheria ya kuiingiza ni usumbufu wa bure. Bibi zetu walijua kuwa muhogo mchungu una sumu, wakauloweka na kuuanika. Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, haraka ya kuutayarisha iliwapoozesha watu miguu. Mnunuzi wa pakiti hamjui aliyeupika. Ndiyo maana tangu 2019 Shirika la Viwango (TBS) hukagua vyakula viingiavyo, kazi iliyokuwa ya TFDA. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwuzaji. Mkaguzi naye hutafuta kilichofichwa. Mfanyabiashara, usimkwepe: riziki ya magendo haina baraka.