Inazunguka, Haiwaki

Kuna sauti ambayo kila mtu wa Nairobi anaijua, hata kama hajawahi kumiliki gari. Matatu imezima katikati ya barabara. Dereva anageuza ufunguo, injini inazunguka nye-nye-nye-nye, inakataa kuwaka. Anageuza tena. Huko nyuma abiria washaanza kudai pesa zao.

Sauti hiyo ina umri wa miaka mia moja na kidogo tu. Kabla yake gari liliwashwa kwa mkono: unaingiza handeli pale mbele, unazungusha injini kwa nguvu zako mwenyewe. Ikiwaka vibaya, handeli inarudi nyuma ghafla na kukuvunja mkono. Lakini aliyezungusha aliijua injini kwa misuli. Ikizunguka kiulaini kupita kiasi, alijua silinda zinavuja pumzi.

Aliyebadilisha mambo ni Charles Kettering wa Ohio, Marekani. Macho yalimsumbua akaacha chuo, akafanya kazi ya nyaya za simu, kisha akarudi na kuhitimu mwaka 1904. (Mimi nimefika pale pa kuacha chuo tu, hayo mengine tutaona.) Akiwa National Cash Register alitengeneza mota ndogo ya umeme ya mashine ya dukani ya kuwekea pesa. Mota hiyo haikuhitaji kufanya kazi kutwa. Ilihitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu ipumzike. Wazo hilohilo akalipeleka kwenye gari, na Cadillac ya 1912 ikatoka na stata ya umeme. Ford Model T ilingoja hadi 1919.

Hapo ndipo kuwasha gari kulipogawanyika. Kuzungusha ikawa kazi ya betri na stata. Kuwaka kukabaki kazi ya injini. Kwa hivyo mtu akikwambia gari lake linazunguka vizuri lakini haliwaki, ameshakupa nusu ya jibu. Shida haiko kwa betri. Asikimbie kununua nyingine.

Nusu iliyobaki fundi huitafuta kwa maswali yasiyozeeka. Kuna moto? Kwenye gari la zamani anafungua plagi, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anaangalia kama inatoa cheche. Kuna mafuta? Kwenye gari lenye pampu ya umeme anageuza ufunguo nusu na kutega sikio. Pampu nzima hunguruma sekunde mbili hivi. Kuna pumzi? Mkanda wa taimingi ukikatika, stata huzunguka haraka na kwa sauti iliyo laini mno, kwa sababu hakuna kinachoizuia. Na je, vyote vitatu vinakutana kwa wakati wake?

Wengi wa mafundi wa kwanza Waafrika hapa kwetu hawakuyapata maswali haya darasani. Waliyapata kwa kumshikia mtu spana, wengi wao katika karakana za Wahindi, kisha wakatoka wakaanza kazi zao wenyewe chini ya jua kali. Ukitaka kuona warithi wao, nenda Kirinyaga Road. Wasee wa spea bado wanaiita Grogan. Ewart Grogan, mlowezi aliyepewa jina la barabara hiyo enzi za mkoloni, mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba walipokuwa wakivuta riksho waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Leo jina lake linatajwa na watu wanaotafuta pampu na plagi. Barabara imebadilisha wenyewe.

Lakini gari nalo limebadilika. Kuanzia magari ya 1996, Marekani ililazimisha kila gari jipya liwe na mfumo mmoja wa kuripoti hitilafu kwa kompyuta. Uingereza nayo, mwaka 1998, ikaamuru magari mapya yawe na immobilaiza, kifaa kinachozuia injini isiwake kisipoutambua ufunguo. Moto upo, mafuta yapo, pumzi ipo, na bado gari linakataa kwa sababu halikujui. Sikio la fundi haliwezi kusikia hilo.

Ndiyo maana siku hizi watu husema wakati wa fundi wa mtaani umekwisha, apishe mwenye mashine. Mimi sikubali. Chukua hitilafu P0335. Mashine itakwambia kuna shida kwenye njia ya sensa inayosoma mzunguko wa injini. Haitakwambia kama sensa imekufa au panya ametafuna waya. Kulijua hilo ni lazima mtu ainame, afuate waya kwa kidole, aulize swali linalofuata. Asiyejua kuuliza atabadilisha sensa, na bili itakuja kwako.

Kenya ina mtihani wa kupima ujuzi wa fundi, unaosimamiwa na NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Ni kitu kizuri, kwa sababu aliyejifunza kwa mikono anaweza kupata karatasi bila kukaa darasani miaka minne. Kinachokosekana ni mashine za kupimia na mafunzo ya umeme wa magari mapya, vimfikie fundi huyo pale alipo. Maswali anayo tayari. Alirithishwa na watu waliozungusha handeli.