Bastola ya Urithi: Utambuzi na Thamani ya P.08 ya Ujerumani

Miongoni mwa silaha zilizobaki majumbani baada ya vita vikuu viwili vya karne ya ishirini, bastola ya Georg Luger ina nafasi ya pekee. Asili yake ni bastola ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893. Uswisi iliichukua mwaka 1900, wanamaji wa Ujerumani mwaka 1904, na mwaka 1908 jeshi la nchi kavu la Ujerumani likaipa jina la P.08. Mrithi aikutapo sandukuni mwa marehemu, Ulaya au Marekani, aghalabu huuliza bei kwanza, ilhali hilo ndilo swali la mwisho. (Kabla ya yote, hana budi kuhakikisha kwamba haina risasi na kwamba sheria ya nchi yake inamruhusu kuwa nayo.)

Nambari peke yake haitambulishi silaha hii. Katika enzi ya Kaisari hesabu ilianza upya kila mwaka. Ilipofika 10,000 ilirudia mwanzo ikifuatwa na herufi a, kisha b, na kuendelea. Kwa hiyo nambari, herufi, mwaka uliochapwa juu ya chemba na alama ya kiwanda, mathalani DWM ya Berlin au Erfurt yenye taji, husomwa pamoja. Baadhi zina miaka miwili, tuseme 1917 na 1920. Wasiojua hudhani ni kazi ya walaghai. Kumbe 1920 ni chapa ya jeshi dogo lililoachiwa Ujerumani na Mkataba wa Versailles, lilipozitia alama silaha kuukuu ziwe mali yake.

Thamani hutokana na upatanifu. Tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo, na kimoja kikitofautiana bei huanguka. Rangi nayo ni shahidi. Kifyatuo cha miaka ya 1914 hadi 1918 kilichomwa hata kikawa na rangi ya nyasi kavu. Kikiwa cheusi, yaelekea silaha imetiwa rangi upya. Mwana aisuguaye bastola ya babaye ili ing'ae huiharibu kwa mapenzi.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea katika vifaa. Askari alipewa ala ya ngozi yenye mfuko wa kikasha cha pili cha risasi na, chini ya kifuniko, kijifuko cha kifaa kidogo kilichotumika kama bisibisi na kama wenzo wa kujazia risasi. Vikasha vya wakati huo vilikuwa na kitako cha mbao kilichochapwa nambari ya bastola yenyewe, na cha akiba kiliongezewa alama ya msalaba (+). Ndugu wakigawana, huyu akatwaa bastola, yule ala, mwingine vikasha, kila mmoja hubaki na kitu cha kawaida. Kununua kikasha kingine sokoni hakurudishi kilichopotea, kwani nambari haitalingana.

Kuna na karatasi. Mwanajeshi wa Marekani aliyerudi na silaha ya adui kutoka Vita vya Pili vya Dunia aliweza kupewa hati yenye sahihi ya afisa wake. Chuma hakisemi kilitekwa na nani. Hati huweza kusema. Nayo, ikiwa imekunjwa miongoni mwa barua za zamani, mara nyingi ndiyo hutupwa kwanza.