Muziki wa gari: kuboresha mfumo wa kiwandani

Kufunga muziki kwenye gari ni kubadilisha au kuongeza vifaa vya sauti vilivyokuja na gari kutoka kiwandani: redio ya dashibodi, spika za milangoni, na pengine amplifaya na sabufa. Afrika Mashariki kazi hii ina mwanzo wake wa pekee, kwa kuwa magari mengi huingia yakiwa yametumika Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa mawimbi ya huko.

Kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, kisha ikaongezwa hadi 95. Stesheni za Kenya na Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mtu aliyetoka kuchukua gari bandarini hupata stesheni mbili tatu za chini, kwingine kote ni mvumo mtupu. Dawa ya bei nafuu ni ekspanda, kijisanduku kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kishushe mawimbi yote kwa kiasi kimoja, mara nyingi megahezi 12. Radio Jambo, ambayo Nairobi iko 97.5, itasikika redio ikionyesha 85.5. Lakini Radio Citizen ya 106.7 huangukia 94.7, na redio inayoishia 90 haiifikii kamwe.

Hapo ndipo wengi huamua kung'oa redio nzima na kuweka skrini ya Android. Kwa mawimbi, simu na kamera ya nyuma, uamuzi huo ni sahihi. Fundi mzuri atapima kwanza tundu la dashibodi: Toyota nyingi za Japani zina upana wa milimita 200 ilhali redio za kawaida zina 180, hivyo hutakiwa fremu ya plastiki kuziba mwanya. Ila anayetafuta sauti nzuri asianzie hapo. Udhaifu mkubwa wa mfumo wa kiwandani uko mlangoni, kwenye spika yenye koni nyembamba ya karatasi na sumaku ndogo, ambayo baada ya miaka kumi ya jua na unyevu ukingo wake umekauka au umechanika. Redio mpya ikifungwa kwenye spika hizo, mkwaruzo unabaki uleule.

Maandishi ya “wati 50 mara 4” kwenye boksi la redio yanapotosha watu wengi. Amplifaya iliyomo ndani ya redio hutegemea umeme wa gari, takriban volti 14.4 injini ikiwaka. Ukipiga hesabu kwa spika ya omu 4, kikomo cha sauti safi ni kama wati 26 kwa kila spika, na upotevu wa ndani hukishusha hadi karibu 20. Kwa hiyo spika inayotoa desibeli 90 au zaidi kwa wati moja inafaa kuliko iliyoandikwa wati 300 kwa herufi kubwa. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili.

Mlango wenyewe ndio boksi la spika, na ni boksi bovu: bati jepesi lenye matundu, sauti ya nyuma ya koni ikipenya na kuua besi ya mbele. Ukiligonga kwa vidole hulia kama debe. Tandika shuka zenye gundi nzito na karatasi ya alumini, ziba matundu ya ndani, kisha gonga tena. Mlio utakuwa mfupi na mzito. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi, la sivyo mvua itauozesha.

Kabla ya kurudisha kava la mlango, gusisha nyaya za spika kwenye betri ya tochi ya volti 1.5, kufumba na kufumbua. Koni ikiruka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika moja ikigeuzwa, wakati mwenzake inasukuma hewa yenyewe inavuta, na besi hupotea hata kwa vifaa vya bei kubwa.

Soketi ya kiwandani isikatwe. Soketi za kuunganishia zinauzwa. Kwa kawaida waya wa manjano wa redio mpya huenda betri kulinda kumbukumbu ya redio, mwekundu huenda swichi ya gari, mweusi kwenye bodi, wa buluu huwasha amplifaya. Manjano na nyekundu zikifungwa pamoja moja kwa moja kwenye betri, redio inaweza kuinyonya usiku kucha.

Sabufa kubwa huhitaji amplifaya yake, na waya mnene kutoka betri. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Waya huo hupita kwenye tundu la bati kuingia ndani ya gari. Ukisuguliwa hadi kuchubuka bila fyuzi, gari linaweza kuungua. Nyaya za mawimbi ya sauti zipite upande mwingine wa gari.

Mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta unatoka kwenye altaneta, na mara nyingi njia yake ni athi mbovu, yaani waya unaoshika bodi ya gari. Pale waya huo unapofungwa, kwaruza rangi hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha washa injini usikilize tena.