Kompyuta ya magari haina masikio

Wengi mnaniuliza kuhusu ile mashine tunayochomeka chini ya usukani, ikasema gari linaumwa nini. Leo nawapa historia yake, maana naona huko inasifiwa kuliko kazi yake.

Zamani motokaa haikuwa na umeme wa kusumbua watu. Iliwashwa kwa handeli, wazee wenu wanakumbuka malori ya hivyo. Mwaka 1912 Cadillac wakatoa gari lenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, mtu wa hapa hapa Ohio ninapoishi. Stata ikadai betri kubwa, betri ikadai kuchajiwa, na hapo ndipo kazi ya fundi umeme ilipoanzia. Silaha zake zilikuwa taa ya kupimia na bisibisi: ncha unaiweka kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, unasikiliza. (Nguo zisiningʼinie karibu na mkanda, tafadhali.)

Kompyuta haikuletwa kumsaidia fundi huyo. Ililetwa na moshi. Hewa ya Los Angeles ilichafuka mno, jimbo la California likaamuru magari ya kuanzia toleo la 1988 yajichunguze yenyewe mitambo ya kupunguza moshi. Toleo la 1996 sheria ikawa ya Marekani nzima, na plagi moja ya matundu 16 kwa kila gari. Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana mashine itakwambia P0301, yaani silinda namba moja haichomi sawasawa, lakini beringi ikisaga mpaka majirani waamke, yenyewe kimya.

Sasa mdogo wangu ana Carina ya 1994 iliyotoka Japani. Asubuhi inapiga mluzi, taa zinafifia. Fundi kamwambia anunue alteneta, au atafute kompyuta kutoka Marekani. Hela iliyopo ni ada ya watoto. Jamani, sheria ya 1996 haikuligusa gari hilo! Lina kiboksi chake chini ya boneti: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Mara mbili, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni 21. Bure kabisa.

Na mluzi wenyewe hauhitaji hata hilo. Betri ikishapiga stata inakuwa na njaa, alteneta inakuwa nzito, mkanda uliolegea unateleza. Nyunyizia maji kidogo kwenye mkanda; sauti ikibadilika, umempata mwizi. Kaza au badilisha mkanda, halafu shika multimita. Injini imezimwa, betri nzima husoma kama 12.6. Injini ikinguruma, taa zimewashwa, itafute kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini, usikimbilie dukani bado. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. Ikizidi nusu volti, kutu imekula waya wa bodi, na waya huo ni bei ya soda chache. Alteneta ifunguliwe baada ya hapo.