Masafa Yanayolala Bure Ukambani

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nyaya za telegrafu zilikwenda nayo bega kwa bega. Zikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, hadi Nairobi mwaka 1899. Kitui haikuguswa.

Karne moja baadaye simu za mkononi zilifuata mkondo ule ule. Safaricom na Kencell zilipoingia sokoni mwaka 2000, busta, yaani minara ya simu, zilitangulia kusimama mijini na kando ya barabara kuu. Emali wakaanza kuongea; Mutha na Tseikuru, huko Kitui, wakasubiri.

Ndipo wenyeji walipojifunza kuhama mitandao kwa mikono yao. Kabla ya simu za laini mbili kuenea, ulifungua kifuniko, ukatoa betri, ukachomoa laini inayoshika nyumbani na kupachika inayoshika sokoni. Wengine walipanda mlimani kwanza.

Aprili 2011 Wakenya waliruhusiwa kuhamia kampuni nyingine bila kubadilisha nambari. Lilikuwa jambo jema, ila ukishahama umefungwa kwenye mtandao mmoja tena. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikapunguza gharama za kupiga simu ukiwa nchi jirani. Mganda akifika Kitui, simu yake inaweza kushika mtandao wowote uliokubaliana na kampuni yake. Mwenyeji wa Kitui kwa kawaida hana ruhusa hiyo kwao!

Itazame skrini pale inapoandika kwamba ni simu za dharura pekee. Maana yake simu imeisikia busta ya kampuni nyingine, na ukipiga 112 itaitumia. Kinachozuia simu ya kawaida ni mikataba, mitambo inaweza. Wakati huohuo, kampuni isiyo na busta hapo inashikilia masafa ya mawimbi iliyopewa kwa nchi nzima, na masafa hayo ni mali ya umma.

Mwaka 2017 rasimu ya ripoti ya kampuni ya ushauri ya Analysys Mason kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilipendekeza Safaricom iwafungulie washindani mtandao wake katika kaunti kadhaa wasikofika. Safaricom ilipinga, kwa kuwa ilijenga kwa fedha zake. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni malipo ya haki kwa mwenye busta. Mamlaka iweke sharti la kufunguliana mitandao kwa malipo hayo ndani ya leseni, na ianzie Kitui Kusini na vijiji vya Kibwezi vilivyo mbali na barabara kuu.