Mto Msimbazi na Bonde Lake

Msimbazi ni mto mdogo. Huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na baada ya mwendo wa kilomita 35 hivi humwagika katika Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Lakini nguvu za mto hazipimwi kwa urefu wake, bali kwa ardhi iuleteayo maji. Na Msimbazi waletewa maji na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mvua inyeshayo Vingunguti na Tabata, Ubungo na Mabibo, yote hushukia humo.

Mabibo ni matunda ya mkorosho, na jina hilo lakumbusha mashamba, si nyumba. Udongo wa shamba hunywa mvua. Bati na lami haviinywi. Kwa hiyo, kadiri mji ulivyopanuka baada ya uhuru wa 1961, mvua ile ile ilifika mtoni upesi zaidi, nayo ikabeba mchanga na taka, vikaujaza mkondo.

Chini, kati ya Magomeni na Kariakoo, mto hupita mahali paitwapo Jangwani. Jina hilo ladhihirisha kwamba watu walipaona kuwa ni ardhi tupu. Kumbe utupu ule ulikuwa na mwenyewe. Wakati wa kiangazi mto hujibana katika mfereji mwembamba. Masika au vuli zikiwa kubwa, hulitandaza bonde lote. Waliojenga humo hawakuwa wajinga wa jambo hilo: walitaka ardhi ya bei nafuu iliyo karibu na soko na kazi. Mvua za Desemba 2011 ziliwaua watu zaidi ya 40 mjini, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutoa mkopo kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zake ni daraja jipya la Jangwani. Daraja huinua barabara; halipunguzi maji. Maji hufuata mkondo, na mkondo huu huanzia kwenye mapaa ya watu wasiopata kufurikiwa hata mara moja. Maskini wa bondeni ndiye alipaye deni la mvua iliyonyesha juu ya nyumba za wengine.