Ng'ombe Mla Mifupa

Pengine hakuna mnyama aliyetazamwa sana na binadamu akafahamiwa kidogo kama ng'ombe. Mchungaji hushinda naye kutwa, akamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo, na jioni arudipo hakosi jambo la kuwachekesha wenzake. Atasimulia jinsi kundi zima lilivyomzunguka alipojilaza chini ya mti, kila ng'ombe akinyosha shingo na kupuliza pua, na jinsi walivyotimka mbio alipopiga chafya. Atamtaja jike kizee asiyekubali kutanguliwa langoni, ambaye vijana wenye nguvu kumshinda humpisha kwa adabu. Atasimulia pia jinsi mafahali walivyokusanyika mahali alipochinjwa mwenzao, wakaparua udongo kwa kwato na kunguruma kama wafiwa, hali damu yenyewe imekwisha kukauka.

Katika visa hivyo kimoja huchekesha kuliko vingine, nacho ni kile cha ng'ombe atafunaye mfupa. Mnyama aliyeumbiwa majani, asiye na hata jino moja la mbele katika taya la juu, huokota mfupa mkavu porini, akainua kichwa na kuugeuzageuza mdomoni kwa muda mrefu, mithili ya mzee na kiko chake. Mate humdondoka, macho kayafumba nusu. Akisogelewa huondoka na mfupa wake. Asipopata mfupa hutafuna pembe iliyoanguka, au kipande cha ngozi, hata gamba la kobe. Wapo wasemao kuwa ana wazimu, na wapo wasemao kuwa ana uroho tu. Mifupa hiyo, hata hivyo, iliwahi kuwatia umaskini wafugaji wa nchi nzima, na miaka mingi ilipita kabla ya mtu kuuliza kwa dhati ng'ombe alikuwa akitafuta nini humo.

Nchi yenyewe ni zile nyanda kavu za kaskazini mwa koloni ya Rasi, huko Afrika ya Kusini, kandokando ya mji wa Vryburg na mpaka wa Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Ni nchi ya majani mengi, naye mgeni aionapo baada ya mvua husema kuwa Mungu aliiumba kwa ajili ya ng'ombe tu. Lakini ng'ombe walikufa humo kwa ugonjwa ambao Makaburu waliuita kwa lugha yao lamziekte, yaani maradhi ya kupooza. Mnyama aliyelala salama huonekana asubuhi akiyumba miguu. Kisha hulala asiweze kuinuka. Taya hulegea, ulimi huning'inia nje, asiweze kumeza wala kucheua. Hana homa kali, na akili zake zimemkalia sawa. Humtazama bwana wake amjiapo, akafa akimtazama. Akipasuliwa, hakuonekani ndani yake kitu cha kumwambia mpasuaji sababu ya kifo.

Jambo lililowaumiza wafugaji zaidi ni uchaguzi wa ugonjwa huo. Maksai mzee asiye na faida kubwa aliachwa mara nyingi. Walioanguka kwanza ni mitamba walio katika kukua, na majike wenye maziwa mengi, ndio wale ambao mtu aliwatolea fedha na kuwaombea baraka. Basi kila mtu akawa na sababu yake. Wengine walisema ni mmea wenye sumu, wakatafuta nyikani kila jani lisilojulikana. Wengine wakalaumu maji. Duncan Hutcheon, tabibu mkuu wa wanyama wa koloni ya Rasi katika miaka ya 1880, alikaribia mno ukweli, maana aliona kuwa nchi ile ina upungufu wa kitu kilichomo mifupani, akawashauri wafugaji wawape ng'ombe unga wa mifupa. Kosa lake, kama ni haki kuliita kosa, ni kudhani kuwa upungufu huo peke yake ndio uuao. Kulikuwa na kitu cha pili katikati, naye hakukiona.

Aliyekiona ni mtu mwenye mkono mmoja. Arnold Theiler alizaliwa Frick, nchini Uswisi, mwaka 1867, akasomea utabibu wa wanyama, akafika Transvaal mwaka 1891 akiwa kijana asiye na jina. Kwa kukosa kazi ya elimu yake aliajiriwa katika shamba moja karibu na Pretoria, na huko mashine ya kukatia majani ikamwondolea mkono wa kushoto. Kazi zote zilizompatia sifa baadaye alizifanya kwa ule uliobaki. Mwaka 1896 sotoka, iliyokuwa imeingia pembe ya Afrika karibu miaka minane kabla ya hapo na kuwafukarisha Wamasai njiani, ilivuka mto Zambezi, naye akatumwa Bulawayo kuikabili. Mwaka 1908 ikafunguliwa maabara yake kubwa ya Onderstepoort, kaskazini ya Pretoria.

Jina la mtu huyu limo katika Afrika ya Mashariki pia, ijapokuwa wafugaji wengi hawana habari. Baada ya sotoka na vita vya Makaburu na Waingereza, walowezi wa kusini walinunua ng'ombe kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakawasafirisha kwa meli hadi Beira ili kujaza mazizi yaliyokuwa matupu. Pamoja na ng'ombe hao walisafiri kupe, na pamoja na kupe ikasafiri ndigana kali, ambayo ng'ombe wa pwani walikuwa wameizoea tangu undama wao, lakini wa kusini hawakuijua. Kufikia mwaka 1902 ilikuwa ikiua kama moto nyikani. Theiler alikuwa miongoni mwa waliothibitisha kuwa haya ni maradhi mbali, yenye kijidudu chake, na kijidudu hicho kikaja kuitwa Theileria parva kwa heshima yake. Heshima ya namna hii hutolewa kwa mabwana wa maabara. Watu wengine huona afadhali waitiwe mtaa.

Lamziekte ilimsumbua kwa miaka. Yeye naye alianza kwa kutafuta mmea wenye sumu, asiupate. Hatimaye kazi ikahamishiwa mahali penye ugonjwa wenyewe, katika shamba moja karibu na Vryburg liitwalo Armoedsvlakte, maana yake Uwanda wa Umaskini, na mwaka 1919 Theiler alikuwa huko. Ndipo kile kioja cha wachungaji kilipoingia katika daftari la mtaalamu. Ng'ombe wa pale walikuwa walaji wakubwa wa mifupa. Theiler hakucheka, wala hakukipita. Alikigeuza kuwa kipimo. Waliletewa mifupa safi, iliyokaushwa na jua, ikawekwa mbele yao mmoja mmoja, ikaandikwa ni nani aliyeupokea mfupa na nani aliyeupa kisogo. Ni vigumu kutotabasamu kwa kufikiri habari hiyo: bwana msomi, mwenye cheo cha serikali, aliyepewa na mfalme wa Uingereza jina la heshima la Sir mwaka 1914, amesimama nyikani akimpa ng'ombe mfupa ili amwone kama ataula.

Majibu yalikuja kwa mafungu mawili. La kwanza ni kwamba waliotafuna mifupa safi hawakupooza. Waliopooza ni waliolishwa mabaki ya mizoga iliyooza. Na hata ng'ombe asiyetamani mfupa, akilazimishwa kumeza uozo huo, alipooza vilevile na kufa. Basi sumu ilikuwa katika mzoga, si katika majani, na mwanabakteria E. M. Robinson akaifuata mpaka kwa bakteria waitengenezao. Ilikuwa ni jamaa ya ile sumu ambayo huko Ulaya iliwaua watu waliokula nyama iliyohifadhiwa vibaya, nayo jina lake, botulizimu, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mla majani alikuwa akifa kwa maradhi ya bucha.

Fungu la pili lilijibu kwa nini mnyama huyo auendee mzoga. Mwanakemia H. H. Green alipima udongo na majani ya nchi ile, akakuta yana fosforasi haba kabisa, hasa wakati wa kiangazi majani yanapokauka. Fosforasi ndiyo ijengayo mfupa, na kiasi chake hutoka mwilini pamoja na maziwa. Jike akamuliwaye na mtamba akuaye humaliza akiba yao upesi kuliko maksai, na kwa hiyo ndio wanaotafuta mifupa kwa bidii kuliko wote. Hapo ndipo uchaguzi wa ugonjwa ulipofahamika. Tumbo limejaa majani, mwili una njaa, na ng'ombe hana njia ya kuieleza njaa hiyo ila kuokota kile kilichobaki cha mwenzake. Katika mfupa ule alipata alichokihitaji. Alipata na kifo pia. Akaanguka, akaoza, naye akawa mfupa wa kumvuta mwingine.

Dawa haikuwa ngumu. Mizoga ichomwe au izikwe, na ng'ombe wapewe unga wa mifupa ulio safi. Waliopewa unga huo waliiacha tabia ya kutafuna mifupa, kama kwamba hawakuwa nayo kamwe. Na zaidi ya hayo wakanenepa, wakazaa vizuri, na maziwa yakaongezeka, mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia kutoka katika uchunguzi wa maradhi ya kupooza. Taarifa kamili ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 1927. Nchi iliyokuwa kaburi la ng'ombe ikawa nchi ya ufugaji. Hutcheon alikuwa amekwisha kufariki, na dawa aliyoitaja ikasifiwa kwa jina la mwingine. Huo ni msiba wa kawaida katika historia ya elimu, lakini haifai kuuzoea.

Habari ya ng'ombe na mifupa haikuishia hapo, na sehemu yake ya baadaye haina kicheko. Katika karne ya 20 viwanda vya Ulaya vilizoea kusaga mabaki ya machinjio, nyama pamoja na mifupa, na kuyachanganya katika chakula cha ng'ombe ili wapate protini kwa bei nafuu. Mwaka 1986 ukatambuliwa Uingereza ule ugonjwa ulioitwa kichaa cha ng'ombe, na kwa jumla zaidi ya ng'ombe 180,000 walithibitishwa kuupata katika nchi hiyo. Kulisha wanyama wacheuao unga wa namna hiyo kulipigwa marufuku huko mwaka 1988, na mwaka 1996 serikali ikatangaza kuwa wanadamu nao walikuwa wameambukizwa. Tofauti ya visa hivi viwili ni kubwa. Ng'ombe wa Vryburg aliutafuta mfupa mwenyewe, kwa haja iliyo kweli, na watu wakamwita mwenda wazimu. Wale wa Uingereza hawakuomba kitu; watu wenye akili timamu ndio waliowatilia wenzao katika pumba.

Leo fosforasi nyingi itumiwayo shambani hutoka katika miamba. Mmojawapo uko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, nchini Tanzania, nao huchimbwa na kusagwa kuwa mbolea. Mwamba huo ulifanyika zamani sana, wakati ziwa lilipokuwa pana kuliko lilivyo sasa, kwa vinyesi na mifupa ya ndege walao samaki, wa jamii ya mnandi. Mkulima huumwaga shambani, mvua ikanyesha, majani yakamea; na ng'ombe huinamisha kichwa akala.